Wati Thalathini na Tano

Laki mbili na elfu arubaini. Nimezihesabu mara tatu
juu ya cherehani, kabla sijavaa baibui:
pesa ya harusi mbili na hitima moja,
maana siku hizi hata hitima watu hutaka irikodiwe.

Kwa Faki Shaame, Wete, juu ya duka la vitambaa,
ngazi nyembamba, mtu hupanda ubavu ubavu.
"Chukua hii, Bi Mwanakheri. Kora nane.
Inacheza michezo yote, na inawaka taa rangi rangi."
Faki, mimi sichezi.
Nataka kitu cha kukesha bila kula.
Mita yangu ya Tukuza hulia kila Alkhamisi
kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Sasa itahudumia nini, hiyo mashine?"

Itahudumia nini.
Kanda mia tatu na kumi na mbili,
tangu enzi ya kamera ya begani, ile ya kukodi kwa siku;
nyingine zimeota ukungu pembeni kama mkate wa juzi.
Maharusi walioachana. Watoto walioshika pindo la gauni,
leo wana ndevu.
Mama yako yumo, Faki. Harusi ya Bopwe.
Anapiga kigelegele mpaka mkono wangu ukatikisika;
picha nzima inaruka.

Akanyamaza. Kisha akainama chini ya meza.

Akatoa prosesa ndani ya kikopo cha halua, imelazwa juu ya sponji:
kora mbili, imeng'olewa kwenye kompyuta ya ofisi,
wati thalathini na tano, basi.
Picha inazitengeneza yenyewe, haitaki kadi ya pembeni;
video inaifungua kama mtu anavyomenya ndizi.
"Elfu hamsini na tano. Lakini haina mbio."
Nikasema, nani anakimbia?

Prosesa ni posa tu. Mazabodi ndiyo ukoo:
ukishaingia kwenye soketi ile,
shemeji zako ni wale wale mpaka kufa.
Alinipa mbili nichague.
Moja ndogo, safi, ina haiba, na matundu mawili ya diski.
Mawili! Nyumbani zinanisubiri diski nne.
Ya pili pana, vumbi mpaka kwenye nyufa,
matundu sita ya diski, ila tundu moja la rami limekufa.
Nikaipeleka dirishani. Nikakagua vile vipipa vidogo kimoja kimoja,
nikikitafuta kilichovimba kichwa;
nikapitisha kidole pembeni, maana hewa ya chumvi
hula shaba kimya kimya.
Nzima.
"Lakini tundu lile, Bi Mwanakheri..."
Mimi nimeng'oa magego mawili, Faki, na pweza nakula.

Tukavutana. Laki na arubaini kwa zote mbili,
na feni ndogo juu yake.
Kasha nilikuwa nalo. Zilizobaki zikaishia kwenye rami na nauli.

Kanda ya saa moja huila saa moja; haina njia ya mkato.
Mashine nimeiweka kando ya jokofu, na ukisogea
unasikia jokofu tu.
Kutwa na kucha haimalizi uniti moja.
Binti wa jirani aliitazama harusi ya wazazi wake kwenye simu,
jikoni kwao, akayacheka mabega ya gauni la mama yake.

Wiki ya tatu Faki alikuja, ati kupima joto la prosesa.
Akapima. Nyuzi arubaini na moja.
Hakuondoka.
Nikamfungulia faili la Bopwe, dakika ya arubaini na saba,
nikaenda jikoni kutazama chai
ambayo ilikuwa bado haijabandikwa.

"Rudi nyuma kidogo," nikamsikia akiiambia mashine,
na feni haikuongeza hata pumzi.

Mlangoni alichelewa kuvaa viatu.
"Lile tundu lililokufa," akasema, "nikutafutie mazabodi nyingine?"
Nikamwambia liache.